Makaa ya Mama Dorkasi

Ndugu zangu mlio na wazazi hai, kaeni msikilize. Mliokwisha kuwazika mtasikiliza tu hata nisipowaambia.

Asubuhi za Kwemkulo zilikuwa za kupendeza. Kijiji chenyewe kimekaa mgongoni mwa mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Ukungu ukiinuka huko juu huanza kuonekana migomba, kisha matuta ya maharage, kisha mapaa. Mwaka ule wa sitini na nane jambo la kwanza kuonekana lilikuwa moshi wa Mama Dorkasi, ukipenya polepole kwenye nyasi za nyumba yake ya msonge. Mwenyewe angekuwa amekaa mlangoni na blanketi begani, anachambua maharage. Na ng'ambo ya uwanja ungesikia nyundo ya mwanawe Kornelio ikigonga jiwe.

Wapita njia walisimama wakatazama nyumba ile mpya ya mawe, wakasema mama huyu kabarikiwa, maana mwana anamjengea nyumba kama ya Bomani. Hata sisi majirani tulisema hivyo. Tulisema miaka sita mfululizo, na hakuna aliyejiuliza ni kwa nini mama aliyejengewa nyumba bado analala penye moshi.

Kornelio alikuwa fundi mwashi, na fundi kweli. Uashi alijifunza ujanani, enzi ya Mwingereza, katika kikosi cha mafundi waliotengeneza majengo ya zamani pale Lushoto. Majengo hayo yaliachwa na Wajerumani: kuta nene za mawe, madirisha yenye tao juu, mapaa yaliyosimama kwa mwinuko mkali ili mvua isipate pa kukaa. Vijana wenzake walitazama mshahara. Yeye alitazama jinsi jiwe la pembeni lilivyochongwa likashikana na mwenzake. Siku za Jumapili baada ya ibada, wenzake wakielekea sokoni, yeye aliizunguka nyumba moja ya zamani kando ya barabara, akizipapasa kuta zake kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Kilichomvutia kuliko vyote kilikuwa meko ya ukutani, yenye tao la mawe na dohani ndefu inayopeleka moshi juu ya paa.

Tusimlaumu kwa hilo. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi, na asiyejua kulitazama jengo zuri hawezi kulijenga.

Jioni moja, mwaka uleule wa Uhuru, alikuwa akimsimulia mama yake habari za nyumba hiyo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Ukuta huo unaousifu, mawe yake mengine nimeyabeba mimi," akasema.

Kornelio alidhani mama anatania.

"Nilikuwa msichana mdogo, sijavunja ungo. Tulipangwa mstari kutoka mtoni, kila mtu na jiwe lake kichwani, na baridi kama hii. Nyumba ilipokwisha, wakawasha moto mle ndani. Tuliuona dirishani. Hakuna aliyetuita tuote."

"Ulitaka kuota, mama?"

"Nani asiyetaka kuota moto, mwanangu? Mpaka leo natamani nikae mara moja tu mbele ya meko ya namna ile, moshi upande juu huko, usiniingie machoni."

Kornelio akamshika mama mkono, akamwambia, "Nitakujengea. Meko yaleyale, na ya kwako mwenyewe."

"Hongea, mwanangu," mama akashukuru kwa Kishambaa, na macho yakamlenga machozi.

Mwaka uliofuata akachimba msingi. Sasa, katika ukoo wao kulikuwa na desturi moja. Nyumba mpya haikuwashwa kwa kiberiti. Mwenye nyumba alichukua makaa katika mafiga ya nyumba ya zamani, akayatia katika kigae cha chungu, akavuka nayo uwanja na kuwasha moto wa kwanza kwa mkono wake. Na makaa hayo aliyalinda mwenyewe. Basi tangu siku msingi ulipochimbwa, Mama Dorkasi hakuuacha moto wake uzimike. Kila jioni aliufunika kwa majivu, na kila asubuhi aliufunua na kuupuliza. Hata kwa binti zake walioolewa mbali aliacha kwenda kukaa, maana moto ungebaki na nani?

Hapo ndipo mtego ulipotegwa, ingawa aliyeutega alikuwa na nia njema.

Nyumba ilipanda. Kuta zikasimama, madirisha yakapata tao, mabati yakapanda na kupakwa rangi nyekundu. Milango ilikuwa ya mkulo, mbao ile inayonukia kama dawa. Watu walikuja kutoka Mnazi na Bumbuli kuitazama. Na sifa ni tamu, ndugu zangu. Kornelio alianza kuzisikiliza kuliko alivyoisikiliza nyundo yake. Mtu akisema dirisha limekaa chini kidogo, alilibomoa. Meko yalijengwa yakabomolewa mara mbili, eti tao halijalingana na lile la Lushoto. Mama alipouliza, jibu lilikuwa ni lile lile, "Bado kidogo, mama." Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini Mama Dorkasi alikuwa mtu wa subira, akangoja.

Huku nyuma msonge wake ulikuwa unaoza. Nyasi za paa zina umri wake. Zikipita miaka minne au mitano bila kubadilishwa, hugeuka mbolea. Yunis, mke wa Kornelio, ndiye aliyekuwa akiingia mle kila siku kumpelekea mama mkwe wake uji, naye aliliona anga kupitia paa.

"Baba watoto, paa la mama limekwisha," alimwambia mumewe.

"Nikaezeke nyasi nyumba ninayokwenda kuibomoa?"

"Basi aje kwetu." Wao walikaa katika nyumba ndogo ya udongo pembeni.

"Mwambie wewe. Mimi nimeshamwambia."

Yunis akamwambia. Mama akatikisa kichwa. "Nikija kwenu, moto nitamwachia nani? Moto wa kuvusha hulindwa na mwenyewe. Si amesema bado kidogo?"

Mwezi wa pili wa mwaka huo wa sitini na nane, masika yakikaribia, jirani yao Selemani aliona haya kwa niaba ya kijiji kizima. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, Mwislamu mwenye maneno machache, na marehemu baba yake alikuwa rafiki wa marehemu baba wa Kornelio. Bila kelele akapitisha neno la ngemo. Ngemo, kwa msioijua, ni kazi ya kuchangiana nguvu: watu hutoka pamoja wakamfanyia mmoja wao, na mwenye kazi huwapikia. Siku iliyopangwa wanaume kumi na wanne walipanda kilima na mizigo ya nyasi vichwani, wakashusha mzigo mbele ya msonge wa Mama Dorkasi. Yunis alikuwa ameshabandika sufuria la makande.

Kornelio akatoka kwenye nyumba yake ya mawe na mwiko mkononi.

"Mnafanya nini?"

"Tumekuja kumwezekea mama," Selemani akasema. "Kazi ya siku moja tu."

Siku ile ile Kornelio alikuwa anatazamia wageni kutoka Soni waje kuitazama nyumba. Akaona jinsi watakavyomkuta: fundi mkubwa wa mawe, na mbele ya nyumba yake majirani wanamwezekea mama yake nyasi kwa huruma. Uso ukamwiva.

"Mama yangu anahamia Jumapili ya tatu kuanzia leo. Rudisheni nyasi zenu."

"Kornelio, ngemo hairudishwi. Watu wameshatoka."

"Nashukuru. Rudisheni."

Wale wanaume wakatazamana. Ngemo kurudishwa ni jambo ambalo wazee hawakuwahi kuliona. Mmoja mmoja wakajitwisha, wakateremka. Makande ya Yunis yakabaki sufuriani. Mama Dorkasi alikuwa amekaa mlangoni kwake na alisikia yote. Alimwita Selemani kwa mkono, akamwambia, "Msimkasirikie. Ananijengea." Wahenga walishatuonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mama alikuwa na mkeka wake mkuukuu, na mwanawe akautupa nje kabla ya mpya kutandikwa.

Hata hivyo Jumapili ile ilikuwa ya kweli. Kornelio alifanya kazi kwa bidii, na Ijumaa meko yakawa tayari kwa mara ya tatu, na dohani imetokeza juu ya mabati. Mama Dorkasi akafunga nguo zake kwenye kanga, akatafuta kigae kizuri cha chungu, akakisugua kwa majivu. Yunis alimkuta akijaribu kutembea nacho uwanjani, hatua kwa hatua, aone kama mikono itatetemeka.

Jumamosi akafika Rubeni, fundi mwenzake Kornelio wa zamani, ambaye siku hizo alikaa Muheza. Alileta kikapu cha machungwa na utani mwingi. Akazungushwa nyumba nzima, akasifu kila kitu. Alipofika mbele ya meko akainama, akafumba jicho moja.

"Hapa umenikamata kweli," akasema. "Ila jiwe hili la katikati ya tao, bwana, limepinda kidogo. Kama kofia ya mlevi."

Akacheka, akamenya chungwa lake, akasahau. Jioni alishuka zake.

Lakini Kornelio hakusahau. Alichukua pimamaji, akapima. Ni kweli, jiwe lilikuwa limepinda, upana wa ukucha. Alikaa mbele yake muda mrefu. Akajaribu kulitazama kutoka mlangoni, kutoka dirishani, na kila alipolitazama aliona kofia ya mlevi. Alilijua jiwe hilo halichomoki peke yake. Kulitoa ni kubomoa tao, na kubomoa tao ni kushusha dohani.

Yunis alisikia nyundo, akaja mbio.

"Unafanya nini? Mama kesho anahama!"

"Siku kumi tu, Yunis."

"Hata kama hakuna meko, aingie. Alale chumba kile kingine, makaa tutayaweka kwenye jiko la bati."

"Ameyangoja meko miaka yote, leo nimwingize kwenye nyumba isiyo na meko? Watu watasema nini?"

"Watu gani?" Yunis akauliza.

Nyundo ikaendelea. Na Kornelio mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mama. Alimkuta amekaa juu ya fungu la nguo zake, tayari.

"Mama, kuna jiwe moja halikukaa vizuri. Siku kumi tu."

Mama alimtazama, akautazama moto wake. "Jiwe moja," akasema. Kisha akaanza kulifungua lile fungu. "Haya, baba. Bado kidogo."

Masika hayakungoja siku kumi. Yalianza siku ya nne, mvua ya mlimani ile isiyo na radi wala haraka, inayonyesha tu. Kornelio akapanda juu ya paa kulifunika tundu la dohani kwa turubai, maji yasimharibie kuta. Siku mbili alishughulika na turubai hilo. Kila upepo ulipolifunua, alipanda tena.

Asubuhi ya siku ya tatu ya mvua Yunis aliingia kwenye msonge na uji, akapiga kelele. Paa lilikuwa limebonyea upande wa kitanda. Mama Dorkasi alikuwa amelala chini karibu na mafiga, blanketi limelowa chapa, anatetemeka na kupumua kwa shida. Juu ya moto alikuwa ameegemeza ungo, na juu ya ungo akafunika gunia na kanga zake zote mbili. Makaa yalikuwa makavu. Kilicholowa ni yeye.

Wanaume waliombeba kwa machela kwenda hospitali ni wale wale wa nyasi. Walipopita mbele ya nyumba ya mawe mama akaomba wasimame. Akageuza kichwa, akaitazama ile milango ya mkulo.

"Jiwe limekaa?" akauliza.

Kornelio alitaka kusema limekaa. Ulimi ukakataa. "Bado, mama."

"Basi yatazame makaa," mama akasema, na wakaondoka.

Kichomi kilikuwa kimeshashika mapafu yote mawili. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, Mama Dorkasi alifariki, Kornelio amemshika miguu akijaribu kuipasha joto kwa viganja vyake.

Walimrudisha Kwemkulo mvua ikiendelea. Kornelio hakuingia nyumbani kwake kwanza, wala hakulia. Alikimbia hadi kwenye msonge. Mlango ulikuwa wazi, maana siku zile mbili Yunis naye alikuwa hospitalini na hakuna aliyekumbuka. Ungo ulikuwa umeanguka. Alipiga magoti, akaingiza mkono mafigani. Majivu yalikuwa tope, na tope lilikuwa la baridi. Alichimbua mpaka chini, akivunja vipande vyeusi kimoja kimoja, akitafuta japo chembe nyekundu. Hakuna. Hapo ndipo alipolia, na sisi tuliokuwa nje tulimsikia.

Waombolezaji walikuwa wamejaa uwanjani, wazee kwa watoto, wakipigwa na mvua. Selemani akamfuata mle ndani.

"Kornelio, watu wanakufa kwa baridi. Wakae wapi?"

Akanyanyua uso. "Nyumba ipo. Haina moto."

"Mawe yapo?"

"Yapo sakafuni."

"Basi njoo uyapange. Tutakupa sisi."

Na hii ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote katika hadithi hii. Wale wanaume kumi na wanne waliingia, wakajipanga mstari, mmoja akakanda udongo, mwingine akapanda juu ya paa, mawe yakapita kutoka mkono hadi mkono. Kornelio alipanga tu. Hakushika pimamaji, hakufumba jicho. Lilipomfikia lile jiwe la katikati aliligeuza mikononi, akalitia lilivyokuwa, likakaa limepinda vile vile. Kabla ya jua kutua meko yalikuwa yamesimama na dohani juu yake. Kazi aliyoiita ya siku kumi ilikwisha kwa nusu siku, kwa sababu safari hii hakuifukuza ngemo.

Selemani akamnyooshea kiberiti. Kornelio akakitazama kwa muda, kisha akakipokea, kwa kuwa hapakuwa na moto mwingine. Kuni zikashika. Moshi ukayumba kidogo kwenye tao, ukapanda moja kwa moja, na waliokuwa nje waliuona ukitoka juu ya mabati mekundu. Vibibi vya kijiji vikasogezwa mbele. Mmoja wao, aliyewahi kubeba mawe pamoja na Dorkasi wakiwa wasichana, akanyoosha mikono yake iliyokunjamana.

"Ni kweli," akasema. "Hauingii machoni."

Kornelio akatoka nje, akaenda kukaa kwenye msonge penye tope. Mwinjilisti alimkuta huko wakati wa kupanga maziko.

Nyumba ile ipo. Kijiji kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, Kornelio alikwenda mwenyewe kwenye mkutano akasema kile chumba cha meko kiwe cha wazee wakati wa kipupwe, waje waote bila kubisha hodi. Yeye na Yunis wanatumia vyumba vya nyuma. Mbele ya meko hakai. Watu bado wanakuja kuitazama nyumba, na mafundi vijana huletwa na walimu wao waone kazi ya mawe ilivyo. Yeye huwazungusha, huwaonyesha pembe na madirisha, na mwisho huwasimamisha mbele ya tao.

"Mnaliona hili jiwe?"

Wenye macho makali husema, "Limepinda kidogo, mzee."

"Limepinda," huwajibu. "Na lilikuwa limepinda hivi hivi mama yangu alipokuwa hai."

Tujifunze nini kwa Kornelio

Mtu asiseme tumekatazwa kujenga vizuri. Nchi hii mpya inahitaji nyumba nzuri na mafundi wenye macho. Lakini nyumba ni ya watu, na mtu wa kwanza ni yule uliyesema unamjengea. Ukiona unamwambia bado kidogo kila anapouliza, jua umeshaanza kuwajengea wengine. Mzazi anaishi leo. Paa lake liezeke leo, hata kama kesho unampa jumba, kwa maana mvua haitaulizia ramani yako. Na jirani akija na mzigo wa nyasi kichwani, mpokee. Aibu ya kusaidiwa huisha siku ile ile. Aibu ya kumrudisha haiishi, muulizeni Kornelio.

Majuto ni mjukuu, yeye huja baadaye. Lakini mwenye mama hai hajachelewa. Jioni ya leo nenda kwake, utazame juu, uone kama paa linaonyesha anga.